Chelezo kama Matini: Lugha ya Kuweka Alama kwenye Zana za Uvuvi Unguja

Ikisiri

Katika maji ya Unguja, vyombo vinavyopita hukutana na zana za uvuvi ambazo mwenyewe hayupo. Kinachosema kwa niaba yake ni kitu kinachoelea: chupa, dumu, kipande cha sponji au mti wenye kibendera. Makala haya yanakisoma kitu hicho kama matini. Yanachambua maneno chelezo, boya, mtego na alama kwa kuzingatia mofolojia na semantiki yake, kisha yanayalinganisha na matakwa ya kanuni za kimataifa. Hoja kuu ni kwamba neno alama, ambalo limezoeleka katika lugha ya kanuni, hubebeshwa kazi tatu: kumtambulisha mwenye zana, kuonyesha mahali ilipo, na kumwonya apitaye. Kazi hizo zinapochanganywa, mvuvi anaweza kutii kanuni ilhali baharia hajaonywa. Makala yanapendekeza istilahi na muundo wa sentensi za kanuni unaozitenganisha kazi hizo.

1. Utangulizi

Mkondo unaoitenga Unguja na bara hutumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja. Boti za abiria hupita kati ya Dar es Salaam na bandari ya Malindi. Mashua huwapeleka wageni Changuu na Bawe. Majahazi hubeba mizigo, na ngalawa hutoka alfajiri na kurudi na upepo. Katika maji hayohayo kuna madema yaliyolazwa kwenye majani na matumbawe, majarife yaliyotandwa usiku, na nyuzio ambazo miti yake huonekana maji yakipwa na kufunikwa yakijaa.

Chombo kikipita juu ya zana isiyoonekana, hasara huwa ya pande mbili. Kamba inapojizungusha kwenye rafadha, au pangaboi kama wengi wasemavyo, mashini husimama na chombo huachwa kikichukuliwa na mkondo, pengine kuelekea mwamba. Mvuvi naye hupoteza zana iliyomgharimu fedha na siku za kazi. Zana iliyokatwa haiachi kuvua kwa kuwa imepotea: wavu huendelea kunasa samaki ambao hakuna atakayewala.

Suala hili huchukuliwa kuwa la wataalamu wa uvuvi na usalama wa vyombo. Makala haya yanalitazama kwa jicho la isimu, kwa sababu moja: kumfanya mtu asiyekuwapo amweleze mtu asiyemjua kwamba “hapa pana zana yangu, pita kando” ni tendo la mawasiliano. Lina mtoaji, mpokeaji, ujumbe na msimbo. Kama mawasiliano yoyote, hufaulu au hushindwa kwa kutegemea kama pande mbili zinaushiriki msimbo huo.

2. Chelezo, boya na mzizi wa kuelea

Kiswahili kina maneno mawili makuu ya kitu kinachoelea ili kuonyesha kilichomo chini ya maji: chelezo na boya. Boya ni neno la mkopo kutoka Kireno, sawa na bendera. Kwa hiyo maneno mawili yanayokutana juu ya jarife, yaani boya linaloelea na kibendera kinachopepea, yana asili moja ya kigeni. Chelezo, kwa upande mwingine, limeundwa kutokana na kitenzi cha Kiswahili, na muundo wake unastahili kuangaliwa hatua kwa hatua.

Kitenzi cha msingi ni elea. Hali yake ya kusababisha ni eleza, kwa kanuni ileile inayotoa poteza kutokana na potea na legeza kutokana na legea. Shina hilo likipewa kiambishi cha ngeli ki- na kiishio -o, tunapata ki-elez-o. Irabu ya kiambishi inapokutana na irabu ya shina, ki- hugeuka ch-, kama ilivyo katika chakula na chama. Matokeo ni chelezo, wingi vyelezo: kitu kinachokifanya kingine kielee, au kinachoelea kwa ajili ya kingine. Johnson (1939) analihusisha neno hili moja kwa moja na kitenzi elea.

Hata hivyo, elea haina maana ya kukaa juu ya maji pekee. Ina pia maana ya kuwa wazi akilini: maneno yako yamenielea. Kutokana na maana hii tumepata elewa, eleza kwa maana ya kufafanua, maelezo, kielezo, na istilahi ya sarufi ambayo kila mwanafunzi wa lugha anaijua, kielezi. Shina ni lilelile na ngeli ni ileile. Tofauti ni kwamba katika kielezo na kielezi kiambishi ki- hakikugeuka. Hivyo basi, chelezo na kielezo ni ndugu wa tumbo moja: kimoja kinaelea juu ya maji ili kitu kionekane, kingine kinaleta mfano ili jambo lieleweke. Uhusiano baina ya maana hizi mbili hauhitaji nadharia ngumu. Kilichozama hakionekani, kinachoelea kimejitokeza, na aliyekiona amejua. Methali isemayo ukiona vyaelea, vimeundwa imejengwa juu ya msingi huohuo: kinachoonekana juu ni ushahidi wa kisichoonekana, yaani kazi ya fundi.

Maana ya chelezo imepanuka pia upande mwingine. Katika habari za miaka ya karibuni, hasa zinazohusu ujenzi wa meli katika Ziwa Viktoria jijini Mwanza, chelezo ni mahali pa kujengea, kukarabatia na kushushia meli majini. Matumizi hayo hayapingani na mzizi, kwani mahali hapo ndipo panapoifanya meli ielee. Hata hivyo, yana athari kwa mada yetu. Msomaji wa leo wa bara anaposikia chelezo anaweza kufikiria karakana kubwa ya meli, na maana ya kitu kidogo kinachoonyesha mtego ikabaki katika kamusi na vinywani mwa wachache. Nafasi hiyo imechukuliwa na boya. Nalo boya lina matumizi mengi: boya la wavu linaloishika kamba ya juu isizame, boya la kujiokolea, boya la njia ya meli, na hata, katika lugha ya mitaani, mtu mjinga. Neno linaloitwa kufanya kazi zote hizi haliwezi kuwa sahihi katika kila moja.

3. Kuvua, kutega, na msomaji asiyejulikana

Kuna tofauti ya msingi baina ya kuvua na kutega. Anayevua kwa mshipi yupo pamoja na zana yake. Mwili wake na chombo chake vinatosha kuwa alama. Anayetega dema huondoka. Mtego, kwa ufafanuzi wake, ni zana inayofanya kazi mwenyewe akiwa hayupo, na inafaulu kwa sababu haijionyeshi kwa kinachotegwa.

Hapa ndipo lilipo tatizo la mawasiliano. Mtego unatakiwa ufichike kwa samaki na papo hapo uonekane kwa baharia. Kitenzi hichohicho kinatumika katika fasihi simulizi: msimulizi anaposema “Kitendawili!”, hadhira hujibu “Tega!” Kitendawili ni lugha iliyotegwa, na utamu wake umo katika kuficha, atakayeshindwa hupoteza mji wa kubuni tu. Mtego wa baharini ni fumbo kwa samaki, lakini chelezo chake hakifai kuwa fumbo kwa mwanadamu. Akishindwa kulitegua, gharama yake si mji wa kubuni.

Msamiati wa uongozaji vyombo nao unadai utenganishaji. Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972 zinaelekeza kwamba chombo kinachotembea kwa mashini, na hata cha tanga, kikipishe chombo kinachovua. Kupisha ni tendo la watu wawili: mmoja anamwona mwingine na kumwachia njia. Dema lililolazwa peke yake haliwezi kupishwa. Linaweza kukwepwa tu. Anayekwepa yuko peke yake na uamuzi wake, na kinachomsaidia ni kile alichokiona. Kanuni hizo zimekipa chombo kinachovua taa na maumbo ya kujieleza: anayevua kwa zana isiyoburutwa huonyesha usiku taa nyekundu juu ya nyeupe, na zana yake ikienea zaidi ya mita 150 kutoka chomboni, huongeza taa nyeupe upande ilipo zana, au mchana pia yenye ncha juu. Yote haya yanamhitaji mvuvi awepo. Akishaondoka, sarufi ya taa haina wa kuitamka, na jukumu lote linabaki kwa chelezo.

4. Alama moja, kazi tatu

Katika semiotiki ya Peirce, ishara hugawanywa kwa uhusiano wake na kinachowakilishwa: ikoni hufanana nacho, kielekezi hufungamana nacho kwa uhusiano halisi, na simboli huhusiana nacho kwa makubaliano. Chelezo ni mfano bayana wa kielekezi, kwa kuwa kamba imekifunga na mtego. Ukikivuta, mtego unakuja. Lakini kielekezi hiki huongezewa simboli: rangi, fundo, kitambaa, herufi za kwanza za jina, au namba. Kuanzia hapo chelezo kinaweza kusema mambo matatu.

Jambo la kwanza ni nani: zana hii ni ya fulani. Huu ni ujumbe kwa mwenyewe na kwa majirani zake. Kitambaa cha rangi fulani au namna ya kufunga kamba hutosha, kwa kuwa wasomaji wake wanajuana. Ni matini ya jamii ndogo, na ufupi wake ni sifa.

Jambo la pili ni wapi: zana iko hapa. Ujumbe huu unamhusu mwenyewe anayerudi na mgeni anayepita, lakini si kwa kiwango kimoja. Mwenyewe anajua pa kutazama. Ameshalinganisha mnazi wa pwani na jengo au kilima kilicho nyuma yake. Kwake chupa moja ya maji, isiyo na rangi, inatosha. Kwa nahodha anayekuja kwa kasi huku jua likimmulika usoni, chupa hiyo ni mng’ao mmojawapo miongoni mwa maelfu ya mawimbi.

Jambo la tatu ni onyo: usipite hapa, na zana inaenea kuelekea upande ule. Dema ni nukta. Jarife ni mstari. Chelezo kimoja kwenye ncha moja ya jarife kinasema ukweli pungufu, na ukweli pungufu unaweza kuwa hatari kuliko ukimya. Nahodha akikiona kimoja na kukikwepa kwa upande usiofaa, anaingia katikati ya wavu kwa imani kwamba ameshauepuka.

Mgongano wa kazi hizi unaonekana pia katika rangi. Maji ya Tanzania yamo katika Kanda A ya mfumo wa kimataifa wa maboya ya njia za meli: anayeingia bandarini huacha nyekundu kushoto na kijani kulia, na njano ni rangi ya alama maalumu. Madumu mengi ya mafuta ya kupikia ni ya njano. Mvuvi anayelitumia dumu hilo kama chelezo hakukusudia kusema chochote kwa msimbo wa mabaharia, ingawa kwa bahati njema ametumia rangi inayokubalika. Anayetumia dumu jekundu au la kijani karibu na njia ya kuingilia bandari ya Malindi anaweza, bila kujua, kutamka sentensi ya uongo katika lugha asiyoikusudia. Kitu kimoja, misimbo miwili.

Kuna pia sababu inayomfanya mvuvi achague kutosema. Chelezo kinachoonekana na nahodha kinaonekana pia na mwizi. Anayeogopa kwamba dema lake litainuliwa na mwingine ana njia ya kukifanya chelezo kiwe kidogo, akifunge chini kidogo ya uso wa maji, au asikiweke kabisa na kutegemea alama za nchi kavu. Ukimya wake una mantiki. Mgogoro wa muda mrefu baina ya wavuvi wa Chwaka na Marumbi, ambamo nyavu za kuburura na madema viligombania ghuba moja, unakumbusha kwamba swali la nani anaweka nini wapi ni swali la haki kabla ya kuwa la ufundi. Kanuni inayodai alama bila kumhakikishia mvuvi ulinzi inamtaka ajifichue kwa wote ili awasaidie wachache.

5. Lugha ya kanuni na msomaji aliyesahauliwa

Mwaka 1995 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilipitisha Kanuni za Maadili ya Uvuvi Unaowajibika, ambazo zinataka zana ziwekewe alama ili mwenyewe atambulike. Mwaka 2018 Kamati ya Uvuvi ya shirika hilo iliridhia Miongozo ya Hiari ya Kuweka Alama kwenye Zana za Uvuvi, iliyochapishwa mwaka 2019. Miongozo hiyo inapanua lengo: pamoja na kumtambulisha mwenyewe, alama isaidie kujua mahali zana ilipo, ilinde usalama wa vyombo na kupunguza zana zinazopotea au kutelekezwa. Kwa maneno ya makala haya, matini ya mwaka 1995 iliuliza nani. Ya mwaka 2018 imeongeza wapi na onyo.

Zanzibar inasimamia uvuvi wake kwa Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2010, na Tanzania Bara kwa ile ya mwaka 2003, ilhali uvuvi wa bahari kuu una mamlaka ya pamoja. Kwa hiyo istilahi inayotumika pande mbili za mkondo inapaswa kuwa na maana moja, kwa sababu nahodha havuki mpaka wa kamusi anapotoka Dar es Salaam kuja Unguja.

Tuchukue sentensi ya kubuni, iliyoundwa kwa mtindo wa kikanuni:

(1) Zana zote za uvuvi ziwekewe alama.

Kisarufi sentensi haina kosa. Lakini kitenzi wekewa kina minyambuliko miwili: kauli ya kutendea na kauli ya kutendwa. Kauli ya kutendea inaongeza mtendewa, nayo kauli ya kutendwa inampandisha mtendewa huyo kuwa kiima na kumwondoa mtenda. Mtendewa hapa ni zana. Matokeo ni kwamba zana ndiyo inayofaidi alama. Anayeiweka hatajwi, na atakayeisoma hana nafasi katika sentensi. Mvuvi aliyeandika herufi mbili kwenye kipande cha mti ndani ya dema ameitekeleza sentensi (1) kikamilifu. Dema lina alama. Nahodha hajui kitu.

Tulinganishe na sentensi hii:

(2) Mvuvi anayetega jarife aweke chelezo katika kila ncha, kinachoonekana na nahodha kabla hajalifikia, na juu ya chelezo hicho aandike alama ya mwenyewe.

Sentensi (2) ni ndefu, lakini urefu wake una kazi. Mtenda ametajwa. Mahali pametajwa. Msomaji ameingia kupitia kishazi rejeshi kinachoonekana na nahodha, na pamoja naye limeingia sharti la wakati: kabla hajalifikia. Utambulisho umebaki, lakini umewekwa juu ya chelezo badala ya kuchukua nafasi yake.

6. Mapendekezo ya istilahi

Kwanza, chelezo kirudishwe katika maana yake ya alama nzima inayoelea juu ya zana iliyotegwa: kielezi, kamba, mti, kibendera na taa kama ipo. Palipo na hofu ya kuchanganya na karakana ya meli, isemwe chelezo cha mtego na chelezo cha meli. Ngeli ni moja na fafanuzi zinatosha. Boya libaki kwa kipande chenyewe kinachotoa uwezo wa kuelea, kikiwamo kile kilicho katika kamba ya juu ya wavu. Kwa mgawanyo huu, jarife linaweza kuwa na maboya mengi na vyelezo viwili tu, na kauli hiyo ikaeleweka.

Pili, neno alama litumike pamoja na fafanuzi: alama ya mwenyewe kwa utambulisho, alama ya mahali kwa kuonyesha zana ilipo, na alama ya onyo kwa kuonyesha upande na umbali inakoenea. Alama peke yake isitumike pale ambapo sheria inataka mojawapo tu.

Tatu, maelezo ya kitaalamu yaandikwe kwa msamiati wa bahari ambao wavuvi tayari wanao. Mfano ni urefu wa kamba. Katika bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa Unguja hufikia karibu mita 4. Kamba iliyopimwa maji yakiwa mafu itakizamisha chelezo wakati wa maji makubwa ya bamvua. Iliyoachwa ndefu bila uzito itatanda juu ya maji yakipwa na kuingia kwenye rafadha. Sentensi “pima kamba kwa maji ya bamvua, kisha itie uzito ilale” ina ufundi wote huo kwa maneno machache, na haina neno hata moja linalohitaji tafsiri. Maneno bamvua na maji mafu ni istilahi kamili, na waandishi wa miongozo hawana haja ya kuyazunguka kwa maelezo marefu ya kitabuni.

7. Hitimisho

Uchambuzi huu umeonyesha kwamba Kiswahili tayari kina neno linalounganisha kuelea na kueleweka, na kwamba neno hilo limeanza kuhamia kwingine wakati mahitaji yake baharini yakiongezeka. Umeonyesha pia kwamba sentensi ya kanuni inaweza kuwa sahihi kisarufi na bado ikamwacha nje yule ambaye maisha yake yanaitegemea. Kazi inayofuata ni ya pamoja. Taasisi za lugha za Bara na Visiwani zina nafasi ya kusanifu istilahi hizi; watunga kanuni wana nafasi ya kumwandika msomaji ndani ya sentensi; na watafiti vijana wana uwanja mpana wa kukusanya majina ya rangi, mafundo na vitambaa yanayotumika Nungwi, Mkokotoni, Fumba, Kizimkazi na Chwaka, kabla dumu la plastiki halijayafanya yote yafanane. Kigezo cha kazi hiyo ni chepesi kukitaja: mgeni anayepita usiku, asiyemjua mvuvi wala kijiji chake, aweze kukisoma chelezo na kugeuza usukani kwa wakati.